Dawa za Aleji: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

"Nipe piritoni za mia tano." Mteja haelezi, muuzaji haulizi, biashara imekwisha. Nyuma ya kaunta ya dawa nimeona macho yaliyoharibika, nyuso zilizochunika na wazee walioshindwa kukojoa, yote kwa sababu ya dawa zilizonunuliwa kwa mazoea. Kabla ya kutoa pesa jiulize: aleji imenishika wapi, na inanifanya nini? Dawa ya pua haitibu jicho, na ya jicho haitibu kifua.

VIDONGE VYA MWASHO NA CHAFYA

Fanya

Uliza jina la dawa, usiangalie rangi ya kidonge. Piritoni ni klofeniramini: inaleta usingizi, na nguvu yake hukatika baada ya saa nne hadi sita. Setirizini na loratadini humezwa mara moja kwa siku na haziwi na usingizi mwingi kama piritoni. Unaendesha bodaboda au daladala? Omba loratadini. Abiria wako hawakupanda wafe kwa chafya zako.

Taja magonjwa yako yote. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba akimeza piritoni, mkojo unaweza kuziba kabisa. Usiku huohuo anawekewa mpira hospitalini.

Usifanye

Usimeze piritoni ukanywa pombe. Vyote viwili hulaza ubongo.

Usirundike dawa. Vidonge vingi vya mafua tayari vina klofeniramini. Ukiongeza piritoni juu yake, umemeza dozi mbili.

Usimpe mtoto dawa ya aleji ili alale. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Mtoto anayelia usiku ana sababu. Itafute.

PUA

Fanya

Pua ikikusumbua wiki baada ya wiki, ulizia dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni au flutikasoni. Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe wa ndani. Ipulize kila siku. Nguvu yake kamili huweza kuchukua hata wiki mbili, lakini wengi huitupa siku ya tatu wakisema ni feki. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, usiuelekeze kwenye ukuta wa katikati ya pua, usije ukatokwa damu.

Usifanye

Usitumie matone ya kuzibua pua, yale ya oksimetazolini au zailometazolini, zaidi ya siku 5. Ukizidisha, dawa yenyewe ndiyo inayoziba pua, na wewe unaongeza matone. Wapo wanaotembea na kichupa mfukoni mwaka mzima kwa ugonjwa waliojitengenezea.

Usimeze amoksilini. Antibayotiki huua bakteria. Vumbi linalokuletea aleji si bakteria.

MACHO

Fanya

Osha macho kwa maji safi, weka kitambaa chenye maji baridi, kisha ulizia matone ya kromoglikati au ketotifeni. Mtoto anayesugua macho mwezi baada ya mwezi apelekwe kliniki ya macho.

Usifanye

Usinunue matone yenye deksamethasoni au betametasoni bila kupimwa. Yanatuliza haraka, na hapo ndipo yanapodanganya. Mtoto anaacha kusugua macho, mama anafurahi, anarudi kununua chupa nyingine. Kumbe presha ndani ya jicho inapanda na mshipa wa kuonea unakufa; hiyo ndiyo glakoma. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, na hakuna duka linalouuza.

NGOZI

Fanya

Uliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Mkijikuna wengi, na usiku ndiyo zaidi, huo huenda ni upele wa kuambukizana. Ukithibitishwa, tibuni nyumba nzima siku moja kwa benzili benzoeti au permethrini, na mfue mashuka na nguo. Piritoni haiui kijidudu kinachouleta.

Usifanye

Usipake krimu ya betametasoni au klobetasoli kwa kuelekezwa na jirani. Inakondesha ngozi, na ikipakwa juu ya fangasi inaficha alama huku fangasi ikienea. Daktari akija kuangalia, hatambui anachokiona.

Usimeze prednisoloni wala deksamethasoni kila unapowashwa. Zinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Ukizitumia muda mrefu kisha ukaacha ghafla, mwili unakosa homoni uliyoacha kuitengeneza. Mashavu yaliyojaa si afya. Ni dawa.

HATARI

Fanya

Andika jina la dawa iliyowahi kukudhuru, na ulionyeshe kila unapotibiwa. "Kile kidonge cheupe kirefu" si jina. Kama ni septrini, sema septrini.

Umemeza dawa, ngozi ikatoa malengelenge na mdomo ukachubuka? Acha dawa hiyo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mtu ameumwa na nyuki, amekula karanga au amechomwa sindano, kisha ulimi unavimba, kifua kinabana au anazimia? Mkimbize hospitali. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Njiani mlaze na kuinua miguu. Anayehema kwa shida mwache akae, lakini asisimame wala kutembea.

Usifanye

Usitibu pumu kwa vidonge vya aleji. Kifua kilichobanwa na pumu kinahitaji salbutamoli ya kuvuta.

Usidharau mdomo unaovimba bila kuwasha kama unameza kaptoprili au enalaprili. Dawa hizo za presha zinaweza kuvimbisha mdomo na ulimi hata baada ya miaka ya kuzitumia salama. Piritoni haisaidii hapo. Nenda hospitali, ubadilishiwe dawa.

Usimpe piritoni mtu anayekabwa koo ukakaa kusubiri. Inachelewa, haiinui presha iliyoanguka na haifungui koo. Dakika unazosubiri ndizo alizobakiwa nazo. Tafuta gari.