Somo la Fizikia: Kunyamazisha Grupu Bila Kuinyonga

Somo letu la juma hili tulilikuta katika chumba cha wagonjwa.

Tulienda kumtazama mwenzetu aliyelazwa hospitalini hapa Bukavu. Usiku umeme ukakatika, grupu ikaanza kunguruma chini ya dirisha. Mama mmoja akamlilia muuguzi: “Muzime iyo kitu, mugonjwa hawezi lala!” Muuguzi akajibu: “Tukiizima, ule mutoto wa pale atapumua na nini?” Kumbe mashine ya oksijeni ilikuwa inakula umeme ule ule. Tukarudi Kadutu tukijiuliza: je, hakuna njia ya katikati?

Njia iko. Kwanza tujue kelele inatoka wapi. Moteri ya mapigo manne, yenye mitungi 6, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ni mara 25 kwa sekunde. Katika kila mzunguko mitungi 3 inatema moshi. Basi bomba linapiga hewa mara 75 kila sekunde. Hiyo ndiyo ngurumo.

Dawa yake ni kizuia sauti, yaani chombo cha chuma chenye vyumba ndani. Moshi ukiingia humo unapanuka, na mawimbi ya sauti yanagonga kuta, yanarudi, yanapunguzana nguvu yenyewe kwa yenyewe. Vyumba vinatuliza mlio mzito. Pamba ya mawe au ya kioo inameza mlio mkali. Kwa hospitali inafaa kuwa na vyote viwili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha wagonjwa kelele ya usiku isipite desibeli 30, yaani karibu na mnong’ono. Bomba peke yake halitufikishi huko. Mwili wa moteri nao unapiga kelele, unahitaji ukuta na umbali.

Wengine watasema: “Tuzibe tu bomba kidogo.” Hapana! Moteri inapumua kama mtu. Ukiibana, inapungukiwa nguvu, inakula mazutu bure, inachemka, na siku moja inazimika munganga akiwa katikati ya upasuaji.

Tena tuangalie mdomo wa bomba unaelekea wapi. Moshi una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, nayo inaua. Watu husema “lielekee juu.” Lakini sisi wa Kadutu tunakaa mlimani: paa la huyu ni mlango wa yule. Kabla ya kuliinua bomba, tuulize kwanza nani analala pale juu.

Mgonjwa anahitaji kupumua, anahitaji na kulala. Fundi mwenye akili hamnyang’anyi kimoja ili ampe kingine.

Maswali ya kujipima:
1. Moteri ya mitungi 4, kwa mwendo ule ule, inatema moshi mara ngapi kwa sekunde?
2. Karibu na kwenu iko grupu? Moshi wake unaingia kwa nani?