Kura sita za Bumula: mkazi anachagua nini?

Anayetazama siasa za Bungoma kutoka mbali husema Bumula ni ngome ya FORD-Kenya, na mjadala unaishia hapo. Matokeo ya chaguzi tangu uchaguzi wa kwanza wa eneo bunge hilo mwaka 1997 yanasimulia mengine. Ni vyema mkazi wa wadi zote saba, Bumula, Kabula, Khasoko, Kimaeti, Siboti, South Bukusu na West Bukusu, ayafahamu kabla ya kurejea debeni Jumanne, Agosti 10, 2027.

Mizizi ya chama hicho ni ya kweli. Masinde Muliro alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991, wakati vuguvugu la vyama vingi lilipopamba moto. Oginga Odinga alipofariki Januari 1994, uongozi wa FORD-Kenya ulimwendea Michael Kijana Wamalwa. Alipowania urais mwaka 1997, Bungoma ilisimama naye, na Bumula ikampeleka Lawrence Sifuna bungeni kwa tiketi ya chama hicho.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Mwaka 2002, wimbi la NARC lilimwingiza Bifwoli Wakoli, na akachaguliwa tena 2007. Tangu wakati huo hakuna mbunge wa Bumula aliyerudishwa. Boniface Otsiula aliingia 2013, Mwambu Mabonga akaingia 2017 akiwa mgombea huru, kisha Jack Wamboka 2022 kwa tiketi ya DAP-K. Chaguzi tatu, sura tatu mpya. Ngome gani hiyo inayomchagua mgombea asiye na chama?

Kura ya urais ina hesabu yake. Mwaka 2013 na 2017, Raila Odinga aliongoza katika Kaunti ya Bungoma. Mwaka 2022 aliongoza William Ruto. Ukitazama harakaharaka utadhani wapiga kura waligeuka ghafla. Lakini FORD-Kenya ya Moses Wetang'ula ilikuwa ndani ya CORD mwaka 2013, ndani ya NASA mwaka 2017, na ndani ya Kenya Kwanza mwaka 2022. Kaunti iliegemea upande ambao kinara wake aliegemea. Hata hivyo, mwaka huo wa 2022, DAP-K iliyompa Bumula mbunge ilikuwa upande wa Azimio. Siku moja, foleni moja, mirengo miwili.

Ugavana nao haukufuata chama kimoja. Kenneth Lusaka alishinda 2013 kwa New FORD-Kenya, akashindwa 2017 akiwa Jubilee na Wycliffe Wangamati wa FORD-Kenya, kisha akarudi 2022 kwa FORD-Kenya.

Kwa hivyo wito wa wanasiasa wa kupiga "kura ya suti", yaani chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, haujapata wafuasi wengi Bumula kama wengi wanavyodhani. Mkazi hupima kila karatasi kivyake. Swali ni kama anapima kwa kipimo kinachofaa, na hapa ndipo wengi hupotea njia.

Zahanati ikikosa dawa, lawama humwendea mbunge. Barabara ya kijijini ikiharibika, mbunge tena. Ilhali Katiba ya 2010 iliweka zahanati, vituo vya afya, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti. Anayeidhinisha bajeti ya hayo na kuihoji kaunti ni mwakilishi wadi, aliye mmoja wa wawakilishi wa wadi 45 za Bungoma. Mbunge hutunga sheria Nairobi na husimamiwa kwa kipimo hicho, pamoja na miradi ya NG-CDF kama vile madarasa ya shule za msingi na za upili na basari. Mkulima anayedai pesa za miwa aliyopeleka Nzoia naye anahitaji kujua mlango wa kubisha, kwa kuwa kiwanda hicho ni mali ya serikali ya kitaifa.

Mbunge akiondolewa kwa kosa la zahanati, anayeingia hana uwezo wa kuiletea dawa, na aliyepaswa kuulizwa hubaki bila kuulizwa.

Karatasi ya mwakilishi wadi huwa na rangi ya maziwa iliyofifia, na ndiyo ambayo wengi huikunja bila kuitafakari. Kuhesabu kunapokamilika, matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni. Ya urais huwa katika Fomu 34A, ya mbunge 35A, ya mwakilishi wadi 36A. Kila mkazi anaruhusiwa kuyasoma. Aliyetimiza miaka 18 na bado hajajisajili aende katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lake akiwa na kitambulisho cha kitaifa au pasipoti.