Uvimbe Mweusi wa Begani: Mafunzo Niliyopata kati ya Beni na Butembo

Mgonjwa mmoja alifika Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa pikipiki kutoka upande wa Beni, zaidi ya kilomita 50, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alipovua shati nikaona bega la kulia: uvimbe mweusi tii, mkubwa kama yai la kuku, ngozi yake iking'aa. Moyoni nikasema, melanoma, saratani kali ya ngozi. Nilikosea, na tangu siku ile nimebadili namna ninavyofanya kazi.

1. Uliza umri wa uvimbe kabla ya kuupa jina

"Papa, hiki kitu kilianza lini?"

"Dokta, mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Sasa anasoma mwaka wa tatu."

Karibu miaka minane. Yeye ni mkulima wa kakao, na alikuwa na hakika kwamba ni magunia yaliyomchubua. Melanoma mara nyingi haina subira hiyo. Nikapapasa kwapani na shingoni, sikukuta tezi lolote lililovimba. Tena kwa sisi watu weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, kama ile iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley na kumuua mwaka 1981. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, nami nikashikwa na rangi.

2. Kilichokatwa kisitupwe

Pembeni mwa uvimbe palikuwa na makovu mawili. Ulikwishakatwa mara mbili, katika vituo viwili, na mara zote mbili nyama ikatupwa. Hili linaniuma mpaka leo. Familia iliuza mbuzi kulipia kisu cha pili, na hakuna aliyeweza kuwaambia wamekatwa nini. Waliokata walijua kukata. Jibu lilikuwa ndani ya kile walichokitupa.

Siku hizi naanza na kipande kidogo kinachofika kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Nakitia kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ikiwa mara kumi ya kipande, na jina naliandika kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Nilipotaka kuchukua kipande hicho kwa mgonjwa huyu, mke wake alikataa. Kipande cha mwili wa mumewe kivuke mpaka? Baada ya Ebola ya 2018 hadi 2020, neno "sampuli" peke yake linatisha watu hapa, na sikumlaumu. Nikampa kopo alishike, nikamtajia njia: Kasindi, mpakani, kisha Kampala. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Basi andika vizuri jina lake."

3. Rangi hudanganya hata chini ya darubini

Jibu lilikuja baada ya wiki sita: uvimbe wa Bednar, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1957. Ni aina adimu ya saratani ya tabaka la ndani la ngozi, dermatofibrosarkoma, yenye chembe za rangi ndani yake. Chembe zake nyembamba hujipanga kama ukili uliosukwa mkeka, na chembe nyeusi zimetawanyika hapa na pale. Kwenye vipimo, ule mkeka hushika alama ya CD34, ilhali S100 hushika zile nyeusi chache tu. Kwenye melanoma S100 ingeenea kote. Mtu akitazama weusi tu, atamwambia mgonjwa habari ya kifo ambayo si yake.

4. Mizizi ni mipana kuliko uvimbe

Saratani hii husafiri mwilini kwa nadra, lakini hurudi palepale, kwa sababu hupenyeza vidole vyake kwenye mafuta ambako jicho halioni. Ndiyo maana ilirudi mara mbili. Nilichora kwa rula sentimita tatu kila upande, nikakata mpaka kwenye utando wa msuli, kisha nikaziba kwa ngozi ya pajani.

5. Ufuatiliaji hauwezi kungoja barabara

Nilimwomba aje kila miezi sita. Kuna miezi njia haipitiki kwa sababu ya mashambulizi. Basi nilimfundisha mkewe kupapasa kovu kwa ncha za vidole vitatu, polepole, kutoka katikati kwenda nje. Hupiga simu Jumapili baada ya misa. "Dokta, leo ni laini," huniambia, kisha nasikia akimwambia mumewe avae shati.