Kaka Asema Nacheza na Simu, Mimi Nasoma Kijerumani

Mwanangu wa Likoni, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, kwa sababu kuna jambo zito umelipitisha haraka haraka katikati, kana kwamba hutaki nilione. Nimeliona. Tutalifikia.

Kwanza nikurudishie ulivyonieleza. Wewe ni muuguzi, umesomea kazi yako hapa nyumbani, na sasa unajifunza Kijerumani. Unalenga mtihani wa ngazi ya B1, kisha B2, kwa kuwa muuguzi wa kigeni kwa kawaida hatambuliwi rasmi Ujerumani mpaka afike hapo. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi kule Berlin, Septemba 2024, vijana wengi wananiandikia wakiwa na ndoto kama yako. Karo yako analipa kaka, anayefanya kazi bandarini. Usiku, badala ya kufungua kitabu cha sarufi, unasoma kwenye simu zile hadithi zinazosimama na kukuuliza ufanye nini: uingie katika nyumba ile au upige simu polisi, umwamini mzee wa kwenye treni au ushuke kituo kinachofuata. Kaka akakukuta saa nne za usiku unacheka peke yako. Akasema hatokwi jasho kutafuta pesa ili wewe uchezee simu. Tangu siku hiyo unasoma chini ya shuka kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Na unaniuliza: je, ni kweli ninafuja wakati wangu na pesa za kaka?

Hadithi zenyewe hazina kosa, mwanangu. Ila namna unavyozisoma hainipendezi.

Jambo lile ulilolipitisha haraka ni hili: "nikikwama huwa nabonyeza chochote ili iendelee." Basi tuanzie hapo, maana faida yote ya hadithi hizi iko pale unapokaribia kubonyeza. Kitabu cha kawaida kitakuacha ufunue kurasa hata kama hukuelewa nusu yake, na mwisho utajiambia umesoma. Hadithi ya kuchagua inakataa kusonga mpaka uamue. Tuseme umo ndani ya chumba, unasikia nyayo nje, na chini ya maandishi kuna njia mbili: "Ich mache die Tür auf" na "Ich mache die Tür zu." Maneno manne ya mwanzo ni yale yale. Katika sentensi ya kwanza unafungua mlango, katika ya pili unaufunga, na tofauti nzima imewekwa kwenye neno dogo la mwisho. Kijerumani kina tabia hiyo: kinakuweka ukingoja mpaka mwisho wa sentensi. Mwalimu wako amekufundisha kanuni hiyo ubaoni, najua, nawe umeinakili daftarini. Lakini siku utakayobonyeza kabla ya kufika kwenye neno la mwisho, ukamfungulia mwizi, na ukurasa unaofuata ukakuonyesha mwizi kaingia, hutaisahau tena. Umekosea, umejua umekosea, na hakuna aliyekucheka.

Ukibonyeza chochote unaitupa nafasi hiyo. Kaka akikukuta umefanya hivyo, ninasikitika kusema, ana haki.

Kwa hiyo nataka tuwekeane sharti moja. Usibonyeze mpaka ujue kila njia inasema nini, na uwe na sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Kisha sababu hiyo itamke kwa sauti, kwa Kijerumani: "Ich gehe nicht hinein, weil es dunkel ist." Siingii kwa sababu kuna giza. Ikitoka imevunjika, iache ivunjike, jaribu tena. Kila usiku utasoma kurasa chache kuliko ulivyozoea, na ni sawa.

Kama unajikuta unakwama kila mstari, hadithi hiyo imekuzidi. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti kuhusu usomaji, wakaonyesha kwamba wasomaji wengi wanahitaji kujua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili waelewe hadithi vizuri bila msaada. Mwanafunzi wa lugha anaposikia hivyo hushtuka, kwa sababu tumezoea kudhani kitu kigumu ndicho kinachofundisha. Shuka ngazi. Hadithi nyepesi unayoielewa na kuiamulia itakupa zaidi ya ile nzito unayoipapasa gizani. Wala usione haya kusoma hadithi ya ngazi ya A2 ukiwa darasa la B1; hakuna anayekuandikia alama.

Umelalamika pia kwamba mara nyingi mhusika wako anaishia pabaya, na kila inapotokea unajiona mjinga na kuifuta hadithi nzima kwenye simu. Jamani! Unafuta kitu kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Rudi mwanzo, pita njia ile uliyoikataa. Utapita tena kurasa zile zile za awali, na safari hii maneno yaliyokusumbua yatakuwa yamelainika, kwa kuwa umeshayaona yakifanya kazi. Kurudia ndiko kunakoingiza lugha kichwani, na tatizo la kurudia ni kwamba kunachosha. Hapa unarudia ukiwa na hamu ya kujua kitakachotokea.

Sasa nikuseme kwa upendo. Umeandika kwamba darasani mwalimu akikuuliza swali ulimi unakwama, wenzako wanaangaliana, na ukirudi nyumbani unakimbilia hadithi zako "kwa sababu humo hakuna anayenitazama." Sentensi hiyo imeniuma. Ninaelewa raha ya mahali pasipo na macho ya watu. Mtu mzima, muuguzi anayeshika maisha ya watu mikononi mwake, kujikuta hawezi kuomba chumvi kwa lugha ngeni, ni unyonge unaouma. Lakini hadithi zimeanza kuwa maficho yako. Unajiambia: nikizisoma za kutosha, siku moja nitafungua kinywa na Kijerumani kitamiminika. Hakitamiminika hivyo.

Kanada waliliona hili zamani. Kulikuwa na watoto wanaozungumza Kiingereza waliosomeshwa shule kwa Kifaransa miaka na miaka. Walielewa vizuri sana, karibu sawa na watoto waliozaliwa na lugha hiyo, lakini walipozungumza na kuandika makosa yalibaki mengi. Mtaalamu Merrill Swain, aliyewachunguza, aliandika mwaka 1985 kwamba kusikia na kusoma peke yake hakutoshi. Mtu husukumwa mbele anapolazimika kutoa maneno yake mwenyewe na kugundua pale yanapopelea. Wewe uko hapo hapo walipokuwa wale watoto. Akili yako imeshiba, ulimi wako una njaa.

Na mtihani hautakubembeleza. B1 ya Goethe-Institut ina sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inadai angalau alama 60 kati ya 100, na alama nyingi za kusoma haziwezi kuibeba ile ya kuzungumza. Sehemu ya kuzungumza hufanywa wawili wawili, na jambo la kwanza mnaloombwa ni kupanga kitu pamoja. Mnaweza kuambiwa, kwa mfano, mpange kumtembelea mwenzenu aliyelazwa: mwende lini, mpeleke nini, nani anunue. Unapendekeza, mwenzako anakataa na kutoa sababu, mnaafikiana. Umeona? Ni hadithi ile ile ya kuchagua, isipokuwa hapa njia unazitamka wewe na anayebonyeza ni mtu mwenye macho.

Ndiyo maana nataka umtafute mwanafunzi mmoja darasani mwenu, mmoja tu, yule unayemwona naye anainamisha kichwa mwalimu anapouliza. Kaeni na simu moja. Msome ukurasa mmoja, kisha kila mmoja atetee njia yake kwa Kijerumani mpaka mwingine akubali, ndipo mbonyeze. Mtabishana, mtacheka, mtatafuta neno na kulikosa. Mbele ya mtu mmoja anayeogopa kama wewe, kukwama hakuumi sana.

Mkizichoka za wengine, tungeni yenu. Aina hii ya hadithi ilikuwapo kabla simu haijafika mkononi mwako. Mwaka 1979 Mmarekani Edward Packard alichapisha The Cave of Time, kitabu cha karatasi ambacho msomaji anaamua kisha anafunua ukurasa alioelekezwa. Mnaweza kufanya vivyo hivyo kwenye daftari la shule. Mkitaka kompyuta, kuna Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, na haihitaji ujuzi wa fundi. Tunga juu ya unachokijua: zamu ya usiku, kitanda cha tatu, bibi anasema kichwa kinamuuma na hataki kula. Umpime presha kwanza, umwite daktari, au ukae naye umsikilize? Andika kila njia kwa Kijerumani chepesi, mpe mwalimu asahihishe. Maneno utakayoyahitaji wodini Ujerumani utakuwa umeyatafuta mwenyewe, kwa sababu bibi yako wa daftarini aliyahitaji.

Umeniuliza pia juu ya Mission Berlin ya Deutsche Welle, kama nayo ni ya aina hii. Ni masomo mazuri ya kusikiliza, sehemu 26, na maelezo ya Kiswahili yapo. Ila msichana wake, Anna, anakwenda anakopelekwa na mtunzi. Wewe huamui kitu. Yatumie kwa sikio, na pale mtu anapomuuliza Anna jambo, simamisha sauti ujibu wewe kabla yake. Zile programu za akili unde zinazotunga hadithi pamoja nawe ni jambo jingine. Hizo zinaelewa hata Kijerumani kilichopinda na kuendelea kama hakuna kitu. Ziambie waziwazi zikusahihishe, la sivyo utakaa na makosa yako kwa raha zote.

Imebaki kaka. Unamwona mtu anayekudharau. Mimi katika maneno yake nasikia mtu mwenye hofu. Pesa imemtoka, haoni inakokwenda, na Kijerumani hakijui kwa hiyo hana namna ya kupima. Ukijificha chini ya shuka unamthibitishia anachokiogopa. Fanya hivi: jioni moja baada ya chakula kaa naye, msomee ukurasa mmoja kwa sauti, mweleze kwa Kiswahili kilichotokea, kisha mpe yeye achague njia. Akisema fungua mlango, wewe mwonyeshe sentensi inayosema fungua na neno linaloibadilisha kuwa funga. Sikuahidi kwamba atakuomba radhi. Wanaume wa bandarini wana shingo ngumu, na amechoka. Lakini atakuwa ameona kazi kwa macho yake. Wewe nawe utakuwa umesimulia hadithi ya kigeni mbele ya mtu unayemheshimu, jambo ambalo hujapata kulifanya.

Toa shuka hilo usoni, mwanangu. Soma sebuleni, taa ikiwaka. Mtihani ukishapita niandikie matokeo ya sehemu zote nne, hata kama kuna moja iliyoshuka chini ya 60. Hiyo moja inaruhusiwa kurudiwa peke yake.