Dondoo Muhimu: Farasi Mwoga Anapotoka Peke Yake
Farasi ni mnyama wa kundi. Akitengwa na wenzake huona hatari kila mahali. Kabla ya kumlaumu, mgongo, meno, kwato na tandiko vikaguliwe, maana anayegoma huenda anaumwa.

Dalili za hofu huanza mapema: masikio husimama kuelekea kitu kimoja, shingo hukakamaa, hatua hufupika. Mfuko wa plastiki ulionasa kwenye ua unatosha kumsimamisha. Hapo mpandaji ashushe pumzi, alegeze hatamu kidogo na kumpa muda wa kutazama. Kumchapa ni kosa kubwa, kwani farasi huamini kweli kwamba mfuko ule unaleta maumivu. Afadhali ageuzwe kichwa kidogo upande wa pili na kupitishwa kwa mbali. Akikataa kabisa, mpandaji ashuke na kumwongoza kwa mkono, akikaa upande wa kile kinachoogopwa. Farasi akishtuka hurukia upande mwingine.

Safari za mwanzo ziwe fupi, kwenye njia anayoizoea. Kofia ngumu ni lazima. Simu ikae mwilini mwa mpandaji, si kwenye tandiko: farasi akimwangusha na kukimbia, huondoka nayo.