Usawiri wa Wanaume na Wanawake katika Katuni za Kuchekesha: Mwongozo wa Somo la Kiswahili kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Mtoto wa shule ya msingi hukutana na katuni kabla hajakutana na riwaya. Huiona katika gazeti lililofungiwa sukari, katika ukuta wa duka, na siku hizi katika simu ya mzazi wake. Kwa kuwa katuni huchekesha, walimu wengi huihesabu kuwa burudani isiyohitaji kufundishwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kicheko nacho ni mwalimu, tena mwalimu asiyepingwa kwa urahisi, na kwamba kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha kumwanzisha mwanafunzi katika kujiuliza anamcheka nani na kwa sababu gani.

1. Mifano kutoka katika katuni zetu

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walizoea katuni za Chakubanga, zilizochorwa na Christian Gregory. Katika miaka ya 1970 likatokea jarida la Sani, ambalo jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Wahusika wa Sani walijulikana kama majirani: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Dokta Pimbi, na mtoto mtundu Madenge.

Tukiyatazama majina hayo tunapata jambo la kwanza la kufundisha. Yote ni ya wanaume. Aidha, jina lenyewe hubeba tabia. Ndumilakuwili ni mnafiki, na lofa ni mtu asiye na kazi wala fedha. Kumwita lofa huyo Lodi ni kuongeza kejeli. Wahusika hawa hawasifiwi hata kidogo. Hata hivyo, kila mmoja ana hila zake, ana neno lake, na akianguka katika toleo hili huinuka katika toleo lijalo.

Wanawake nao wamo katika katuni za aina hii, lakini mara nyingi huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni msichana wa mjini mwenye sketi fupi, anayefuatwa na mwanamume mwenye cheo au fedha. Ya pili ni mke aliyesimama mlangoni, mkono kiunoni, akingoja kugomba. Kwa kawaida hawana majina, na hatuwaoni wakifikiri.

Hapa ndipo ilipo tofauti tunayopaswa kuishika. Mwanamume huchekwa kwa alilotenda: kadanganya, kajisifu, kashindwa. Mwanamke huchekwa kwa alivyo: umbo lake, mavazi yake, ulimi wake. Anayechekwa kwa tendo aweza kutenda jingine kesho. Anayechekwa kwa alivyo hana njia ya kutokea.

Kicheko cha namna hii hakikukaa peke yake. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, ili kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Suruali za wanaume zilikuwamo katika orodha, lakini mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Msichana aliyechekwa katika karatasi alikuwa pia akibughudhiwa barabarani.

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kwa muda mrefu wasichana wengi wa Iringa wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika nyumba za watu. Msichana wa kazi aliyetoka mkoani, mwenye lafudhi ya kwao, asiyejua kuwasha jiko la umeme, amekuwa mhusika wa kawaida wa vichekesho vya mjini. Mwalimu atakayepangiwa shule ya Mufindi au Kilolo huenda akawa na darasani mwake msichana ambaye dada yake ndiye huyo anayechekwa. Darasa likicheka naye atacheka, kwa kuwa hana la kufanya. Lakini atakuwa amejifunza jambo juu ya nafsi yake ambalo halimo katika muhtasari wowote wa masomo.

3. Hatua za somo

Madhumuni: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kueleza jinsi wahusika wa kike na wa kiume walivyosawiriwa katika katuni fupi, na kutoa sababu.

Zana: Ubao na chaki. Mwalimu asiye mchoraji asihofu; vichwa vya duara na mistari ya mwili vyatosha.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Chora visanduku vinne. Katika cha kwanza, Bwana Majivuno anapeleka viazi kwa mchuuzi kule Isyonje. Katika cha pili, mchuuzi analundika viazi juu ya gunia hadi liwe lumbesa, kisha analipa bei ya gunia moja. Katika cha tatu, Majivuno anarudi nyumbani akisema, “Leo nimemweza mtu wa mjini!” Katika cha nne, mkewe asiye na jina anapiga kelele huku akiinua mwiko. Waache wanafunzi wacheke.

Hatua ya pili (dakika 10). Andika maswali haya ubaoni na uyajadili pamoja nao:
(a) Nani ana jina, na nani hana?
(b) Nani anatenda jambo, na nani anangoja kutendewa?
(c) Kila mmoja anachekwa kwa alilotenda au kwa alivyo?
(d) Tukiwabadilishia nafasi mwanamume na mwanamke, je, tutacheka bado?

Hatua ya tatu (dakika 15). Futa kisanduku cha nne. Waambie wanafunzi wampe mke jina na maneno. Tuseme wamemwita Sekela. Sekela anamtazama mumewe na kuuliza kwa upole, “Na vile viazi vya juu ya gunia, mume wangu, umemuuzia nani?” Wanafunzi wa Mbeya, wanaoijua lumbesa kwa macho, watacheka zaidi ya mara ya kwanza, na safari hii watakuwa wamecheka akili.

Tathmini (dakika 5). Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili akilinganisha kisanduku cha zamani na kipya.

4. Angalizo

Mwalimu mwanafunzi asidhani kwamba kazi imekwisha Sekela akishakuwa mwenye hekima. Lipo kosa la pili, nalo hufanywa na watu wenye nia njema: kumfanya mwanamke awe mhubiri asiyekosea, aliyewekwa pembeni ili kuwakosoa wanaume. Mhusika huyo naye ni bapa. Hachekeshi, na msomaji humchoka upesi.

Kwa hiyo, katika kipindi kinachofuata, waombe wanafunzi waongeze kisanduku cha tano. Sekela, aliyekuwa na hakika ya bei nzuri, amekwisha kuchukua kitenge kwa mkopo na kujigamba kwa majirani. Sasa mwenye duka anabisha hodi. Mume na mke wanatazamana. Wote wawili wamepungukiwa, kila mmoja kwa tendo lake.

Jambo hili limewezekana kwingineko. Nchini Japani, mchoraji wa kike Machiko Hasegawa alianzisha mwaka 1946 katuni ya gazetini iitwayo Sazae-san, akaiendeleza hadi mwaka 1974. Mhusika mkuu ni mwanamke wa nyumbani mwenye haraka na usahaulifu. Hukosea, huaibika, hujitoa katika aibu, na kesho yake huanza upya. Wasomaji walimcheka kwa miaka mingi bila kumdharau, kwa kuwa alikuwa na jina, na makosa yalikuwa yake mwenyewe.

Hitimisho

Hatuwakatazi watoto kucheka, wala hatutaki katuni ziwe kavu. Tunachotaka ni kicheko kigawanywe kwa haki. Msichana ana haki ya kuwa mwerevu katika hadithi. Ana haki pia ya kuwa mjinga mwenye jina, anayeangukia matope leo na kujifuta kesho, kama Lodi Lofa alivyoruhusiwa kufanya siku zote. Katika mazoezi yenu ya kufundisha, chukueni katuni yoyote iliyo karibu, iulizeni maswali yale manne, kisha wapeni watoto chaki.