Pedi za Breki: Tujue Unene Kabla ya Kulipia

Mlaji anayepeleka gari gereji kwa ajili ya breki hukabiliwa na hatari mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuambiwa abadilishe pedi ambazo bado ni nzima, akalipa bila sababu. Ya pili ni kuambiwa kuwa pedi "bado zinadunda" ilhali zimekwisha, akaondoka na familia yake katika gari lisilosimama inavyopasa. Hatari hizi zina chanzo kimoja: uamuzi umefanywa bila kipimo. Katika somo hili tunaeleza jinsi pedi zinavyolika, vumbi lake linaashiria nini, na mambo ambayo mlaji ana haki ya kuonyeshwa kabla ya kulipa.

Pedi imetengenezwa ili ilike

Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo pistoni hubana pedi mbili kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo hugeuza mwendo kuwa joto, na gari hupungua kasi. Kila mara chembe ndogo za pedi humomonyoka. Kwa hiyo pedi ni kama soli ya kiatu: kulika kwake si kasoro, ila kuna kiwango ambacho haipaswi kukivuka.

Gari linapofunga breki, uzito wake huegemea mbele. Ndiyo maana pedi za mbele kwa kawaida hulika upesi kuliko za nyuma. Magari mengi madogo ya familia yana diski mbele na breki za ngoma nyuma. Hizo za nyuma nazo hukaguliwa kwa wakati wake.

Kipimo na hesabu yake

Pedi mpya ya gari dogo huwa na tabaka la msuguano lenye unene wa takriban milimita 10 hadi 12, lililogandishwa juu ya bamba la chuma. Linapofikia milimita 3, tunashauri pedi zibadilishwe. Unene wa bamba hauhesabiwi. Iwapo kitabu cha gari kinataja kikomo kingine, mlaji afuate kitabu.

Tuchukue mfano. Pedi zilifungwa zikiwa na milimita 10. Baada ya kilomita 28,000 zimebaki na milimita 6. Zimelika milimita 4, yaani milimita 1 kwa kila kilomita 7,000. Zimebakiza milimita 3 kabla ya kufikia kikomo, sawa na takriban kilomita 21,000. Fundi anayetaka kuzibadilisha leo hana budi kutaja sababu nyingine: zimepasuka, zimelowa mafuta, au zimelika upande mmoja.

Hesabu hii ni makadirio tu. Foleni za Dar es Salaam na miteremko ya Lushoto hula pedi haraka kuliko safari ndefu ya barabara tambarare. Kwa sababu hiyo, tunamshauri mlaji aombe unene upimwe kila gari linapofanyiwa huduma ya kubadilisha oili, na namba hiyo iandikwe pamoja na kilomita zilizosomwa.

Vumbi linasema nini?

Vumbi jeusi kwenye rimu za mbele ni mabaki ya pedi na diski. Likiwa sawasawa kulia na kushoto, ni la kawaida. Lakini gurudumu moja likiwa na vumbi jingi kuliko mwenzake, au likitoa harufu ya kuungua baada ya safari, huenda pistoni imekwama na pedi inasugua muda wote. Katika hali hiyo, kubadilisha pedi pekee ni kupoteza fedha, kwa kuwa mpya nazo zitaliwa vivyo hivyo.

Vumbi hili halifai kuvutwa puani. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Mlaji achague pedi ambazo kasha lake linaonyesha kuwa hazina asbesto.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski na kutoa mlio mwembamba pedi zinapokaribia kwisha. Si pedi zote zenye ulimi huo. Basi ukimya si uthibitisho wa usalama. Sauti ya chuma kukwaruza chuma ina maana kuwa tabaka limekwisha na diski inaharibika. Gharama ya pedi sasa imekuwa gharama ya pedi na diski.

Kiwango cha mafuta ya breki hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika. Kuongeza mafuta bila kukagua pedi ni kuficha taarifa hiyo, na pengine kuficha mvujo. Kanyagio likizama au gari likivuta upande mmoja, gari lisitumike hadi likaguliwe.

Wakati wa kubadilisha

1. Mlaji aonyeshwe pedi za zamani na unene wake kabla ya kukubali kazi.
2. Pedi zibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja. Kubadilisha upande mmoja kunaweza kulifanya gari livute upande linapofunga breki.
3. Diski ipimwe. Diski nyingi huchapwa unene wa chini unaoruhusiwa.
4. Kasha liwe na jina la mtengenezaji na namba ya kipuri inayolingana na gari. Bei iliyo chini mno kwa chapa inayofahamika ni sababu ya kushuku bidhaa bandia.
5. Kabla gari halijaondoka, kanyagio likanyagwe mara kadhaa hadi liwe gumu, kisha breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo.
6. Katika kilomita 300 za mwanzo, dereva aepuke kufunga breki kwa ghafla isipokuwa kwa dharura.

Risiti ya kielektroniki na kasha vitunzwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na bila risiti ni vigumu kuthibitisha nani aliuza nini. Malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali ya kujipima

Pedi za mbele za gari lako zina milimita ngapi leo? Zilifungwa likiwa limetembea kilomita ngapi? Risiti yake iko wapi? Asiyeweza kujibu aanze na swali la kwanza, na aliulize gereji kabla ya safari ijayo ya familia.